Siku Waliyousimamisha Moyo Wangu

Nianze na hasira zangu, maana bila hizo hutaelewa kilichonipata. Mimi nilikuwa mkali. Duka langu la nafaka lilikuwa Majengo, Dodoma, mbele ya nyumba yangu, na mtu akiwa bado kona ya pili alishajua kama nimefungua au sijafungua, kwa sauti tu. Nilimgombeza mchukuzi aliyetupa gunia badala ya kulitua. Nilimgombeza mteja aliyechambua maharage kana kwamba anachagua mchumba. Nilimgombeza na mke wangu, kwa kosa la kunyamaza wakati nagombeza. Watu walinizoea, na wengine nadhani walikuja kununua kwangu ili wapate cha kusimulia nyumbani.

Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa. Ruksa kununua mtama Kondoa ukauze Dar bila kumpigia mtu magoti kwa ajili ya kibali. Mimi niliyekuwa karani wa ushirika nikajikuta nina mizani yangu, ghala langu, na baada ya muda kitambi changu. Nilikula, sikufichi. Mishikaki ya mafuta kila jioni, chumvi nyingi juu, soda baridi pembeni. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya foleni ya sukari, nani angenizuia?

Na nilikuwa na mtani. Babu yangu alikuwa Mnyamwezi aliyebeba pembe za watu kutoka Tabora kwenda pwani. Akachoka hapa Ugogo, akasilimu, akaoa, akabaki. Yeye mtani wangu alikuwa Mgogo halisi, Mkristo, mfanyabiashara wa ng'ombe, mrefu, mwenye koti moja la kahawia ambalo hakulivua hata jua likiwa la kupasua mawe. Wagogo na Wanyamwezi hutaniana tangu enzi za misafara, kwa sababu msafara ukipita hapa wenyeji walidai hongo, yaani ushuru wa kupita na kunywa maji ya visima vyao. Basi huyu bwana aliendelea kuidai. Kila asubuhi alikuja dukani, "Mbukwa!" anasalimia, anatia mkono kwenye gunia la karanga nyekundu za Kongwa, anachota konzi nzima, anaitia mfukoni mwa koti.

"Hongo," anasema. "Babu yako alikunywa maji yetu."

Nami namtukana mpaka avuke barabara. Mwizi, ombaomba, mla mlenda, yote yaliyonijia mdomoni. Yeye anacheka, anamenya karanga zangu, maganda anayatupa mlangoni kwangu. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu, kila asubuhi, miaka na miaka. Siku akisafiri mnadani nilikuwa nafungua duka na kuhisi kuna kitu nimesahau.

Maumivu yalianza kama kiungulia. Nikaenda hospitali, nikaambiwa vidonda vya tumbo, nikapewa vile vidonge vyeupe vya kutafuna vyenye ladha ya chokaa. Nikavitafuna sana. Kiungulia kikaanza kunifuata nikipanda ngazi za ghala, kikatulia nikikaa. Sikushangaa. Nilidhani tumbo nalo linachoka.

Hadi asubuhi moja, nainua upande wa gunia kuliweka kwenye mizani, kitu kikanibana kifua. Kubana kwenyewe si kwa mchezo. Kikapanda mpaka taya, kikashuka mkono wa kushoto, jasho likanitoka la baridi. Nikakaa juu ya gunia. Mtani wangu akaingia wakati ule ule, akachota karanga zake, akasema hongo, akasubiri. Sikusema kitu.

"Mtani," akasema, "mbona hunitukani?"

Nikamwangalia tu. Akafungua ngumi akazirudisha karanga ndani ya gunia. Hajawahi kufanya hivyo hata siku moja, na hapo ndipo nilipojua kwamba nakufa.

Yeye ndiye aliyesimamisha pikapu ya watu, akanipakia, akanikokota hadi hospitali huku akiwapigia kelele waliokuwa njiani. Kelele zangu alizipiga yeye siku ile. Nilipopata nafuu nikapelekwa Dar kwa treni, na huko daktari wa moyo, kijana mpole aliyenisalimia shikamoo kabla ya kuniwekea nyaya kifuani, akanichorea picha. Mishipa inayoulisha moyo wenyewe imeziba, alisema. Damu inapita kwa shida. Hakunizunguka: ikibaki hivi, siku yoyote moyo utakufa na wewe utakwenda nao.

"Dawa?"

"Dawa zitasaidia kidogo. Kinachotakiwa ni operesheni, mzee, na hapa kwetu bado haifanyiki. Ni India."

Akanieleza. Wanapasua kifua, wanachukua mshipa wa mguuni, wanaushona kwenye moyo upite pembeni ya pale palipoziba. Nikaelewa haraka kuliko alivyotegemea. Barabara ya Kondoa ikikatika na mvua, lori haligeuzi. Linateremka shambani kwa watu, linazunguka, linaibukia mbele. Ndicho walichotaka kunifanyia. Kisha akaniambia jambo la pili, kwamba wakati wa kushona moyo hauwezi kuwa unarukaruka, kwa hiyo wanausimamisha. Mashine inaisukuma damu badala yake. Wakimaliza wanauwasha tena.

"Na ukikataa kuwaka?"

"Mara nyingi unawaka," akasema.

Nikarudi Dodoma. Ndugu walichanga, lori langu nikaliuza, na mdogo wangu, tumbo moja, akapangwa kunisindikiza. Habari ya kusimamishwa moyo tulibaki nayo sisi wawili. Ungeanzia wapi kumweleza mtu jambo kama hilo? Nyumbani tulisema operesheni tu, na mke wangu akajibu kwamba operesheni ya ngiri anaijua, hata kaka yake alifanyiwa.

Siku ya kuondoka mtani wangu alikuja kuniaga stesheni. Akanizunguka ananiangalia juu mpaka chini kama ng'ombe wa mnada.

"Usife huko," akasema. "Maziko yako nimeyasubiri miaka mingi. Mtani ana haki yake. Ukizikwa na Wahindi mimi nitakula nini?"

"Mjinga wewe!" nikamwambia. "Nitakuzika mimi, tena kwa kukurushia mchanga machoni!" Treni ikaanza kutembea, naye akabaki anacheka na kupunga mkono. Ile ndiyo hasira yangu ya mwisho ninayoikumbuka vizuri. Ilikuwa tamu.

India sina mengi. Hospitali kubwa, korido ndefu, harufu ya dawa na ya maua. Walininyoa kifua na miguu mpaka nikaona aibu kujitazama. Muuguzi akanisukuma kwenye kitanda cha magurudumu kupita kwenye baridi kali, taa zikipita juu moja moja, mtu mwenye kitambaa usoni akaniambia kwa Kiingereza nihesabu. Nikahesabu. Hapo katikati hakuna kitu. Watu hupenda niwasimulie nilichokiona, wengine wananisogelea kabisa wasikie. Sikuona mwanga, sikuona marehemu baba. Nilizimwa, basi.

Niliamka nina mpira kooni, mikono imefungwa kitandani nisiung'oe, na kiu ambayo sitaisahau. Mdogo wangu alikuwa anachungulia kwenye kioo, analia, anacheka, ananionyesha dole gumba. Nikamtazama. Nikakumbuka kwamba huyu ni mdogo wangu na kwamba analia kwa furaha. Mimi sikusikia furaha yoyote. Nilikuwa namtazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha shamba la jirani.

Nikadhani ni dawa za usingizi. Mpira ukatolewa. Wakanikalisha, wakanipa mto niukumbatie kifuani kila nikikohoa, kwa sababu mfupa wa kifua walikuwa wameukata kwa msumeno na kuufunga kwa waya, waya wa chuma kabisa. Mguu wa kushoto ulikuwa umeshonwa kutoka kifundo mpaka pajani, pale walipochukua mshipa. Maumivu yalikuwepo, lakini upande wa kushoto wa kifua ngozi ilikuwa na ganzi. Nikiigusa ni kama nagusa mtu mwingine. Daktari akasema mishipa ya fahamu imekatwa, huenda hisia zitarudi, huenda zisirudi. Nikaona ni sawa. Kila nilichoambiwa niliona ni sawa.

Sasa nirudi Majengo, maana wakati mimi nimezimwa huko kuna mambo yalikuwa yanafanyika huku, na nimeyasikia kwa wengi.

Mdogo wangu alikuwa amemwahidi mke wangu kwamba siku ya operesheni atapiga simu. Simu iliyokuwa karibu ilikuwa dukani kwa jirani yetu muuza vitambaa. Mdogo wangu hakuweza kukaa kimya koridoni, akaenda kupiga kabla hata operesheni haijaisha. Laini ikapatikana. Jirani akauliza, vipi mgonjwa? Mdogo wangu akajibu, "Wameshampasua kifua. Moyo wameshausimamisha." Laini ikakatika.

Jirani alisikia sawasawa, na aliloambiwa lilikuwa kweli tupu. Saa ile ile moyo wangu ulikuwa umesimama ndani ya kifua kilichopasuliwa. Sasa niambie, mtu wa Majengo akiambiwa moyo wa fulani umesimama, afanye nini? Alifunga duka, akavua kofia, akaja nyumbani kwangu.

Turubai likafungwa. Majamvi yakatandikwa. Wanawake wakaingia na unga, na kuni, na vilio vyao. Mke wangu alilia mpaka sauti ikakauka. Katikati ya kilio hicho mtani wangu akafika, akapita moja kwa moja hadi chumbani kwangu bila hodi, akatoka amevaa kanzu yangu na kofia yangu, tumboni amejitia mto. Akasimama mlangoni kwa duka akaunguruma, "Wewe! Unachambua maharage au unachagua mchumba?" Wanasema ilikuwa sauti yangu hasa. Waliokuwa wanalia wakaanza kucheka, machozi yanatiririka. Akawafukuza wachukuzi, akamgombeza shehe, akamgombeza mke wangu kwa kunyamaza. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akamfungua mbuzi wangu, beberu mzuri niliyekuwa namnenepesha kwa Idi, akasema mtani hazikwi bure. Ni haki yake, hakuna wa kumzuia. Mbuzi akachinjwa, akaliwa siku ile ile.

Mke wangu aliniambia jambo moja zaidi. Alipokwenda uani alimkuta mtani nyuma ya ukuta wa choo, amejifunika uso kwa kofia yangu, analia kama mtoto.

Kesho yake simu ikaja tena. "Ameamka," mdogo wangu akasema. "Anaomba maji." Sufuria za msiba zilikuwa bado jikoni. Dua iliyosomwa ikageuzwa kuwa ya shukrani, wali ukaliwa hivyo hivyo, na mtani wangu akatangaza mbele ya watu wote kwamba mbuzi harudishi. Kazi ya kuzika ameifanya, ujira amelipwa, kama maiti imebadili mawazo hilo si kosa lake.

Mimi nilirudi baada ya wiki kadhaa, nimekonda, nguo zinanipwaya, natembea kwa hatua za mtu aliyebeba mayai. Walikuja kunipokea stesheni mtaa mzima. Nilipofika nyumbani, mtani alikuwa amesimama mlangoni kwangu, fimbo yake ya kuchungia ameilaza kukinga njia.

"Huyu ni maiti," akawaambia watu. "Nimemzika mwenyewe. Akitaka kurudi duniani, alipe hongo."

Watu wakatulia, midomo tayari kwa kicheko. Walikuwa wananisubiri nilipuke: mbuzi wangu yuko wapi, mwizi wewe, toa gogo lako hapa! Mke wangu alikuwa pembeni yangu, amenishika kiwiko, na nilisikia mkono wake ukikaza. Nikayatafuta yale maneno. Nilijua yalipokaa siku zote, ila sasa pale palikuwa patupu.

"Mlipeni," nikasema.

Fimbo ikashuka yenyewe. Nikaingia ndani nikalala.

Basi tukaanza kuishi hivyo. Kidonda kikapona vizuri. Pumzi ikarudi, kiungulia kile hakikuonekana tena, na daktari wa hapa alinipima akasema hajui wenzake walifanyaje lakini moyo unadunda safi. Kila mtu alimshukuru Mungu. Mimi nilikaa dukani kwenye kiti, mchukuzi akatupa gunia likapasuka, mtama ukamwagika, nikautazama. Wateja wakachambua maharage wanavyotaka. Duka likawa na ukimya ambao watu hawakuupenda, wakawa wananunua na kuondoka haraka.

Nilikuwa nimekatazwa chumvi na mafuta. Mke wangu alifuata masharti kwanza, kisha nikagundua kwamba anapitiliza. Ugali umeungua. Wali una mawe. Mchuzi ni maji yenye rangi. Nikala vyote. Siku moja aliniwekea ugali mbichi kabisa, unga unaonekana, akakaa mbele yangu ananitazama. Nilipofika nusu akaivuta sahani.

"Nigombeze basi," akasema. "Hata kidogo tu, baba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sijui nimemkaribisha nani humu ndani."

Alikuwa ameomba nirudi, usiku na mchana, na sasa hajui kama nimerudi. Wala mimi sikujua. Nilimwonea huruma, lakini huruma ya kuambiwa, kama unavyomhurumia mtu wa kwenye taarifa ya habari.

Mtani wangu akamwambia, "Niachie mimi, shemeji. Nilimzika, nitamfufua." Na hapo akaanza kazi. Konzi moja ya karanga ikawa mbili. Siku nyingine akaja na kopo. Siku moja akaja na ndoo, akaijaza, akaenda nayo, akasimama ng'ambo ya barabara ananingoja. Sikuinuka. Baadaye akairudisha ndoo mwenyewe, akabaki na konzi yake moja. Aliniita maiti mbele ya wateja. Alinisimulia mbuzi wangu alivyokuwa laini, ini lilivyokuwa, supu ilivyokuwa. Nikamwambia vizuri.

Daktari alikuwa amesema nitembee kila siku. Siku zile mtu mzima wa Dodoma kutembea tu, huendi popote, hubebi kitu, ilikuwa ni kichekesho au kichaa. Kila mlango unaulizwa, wapi huko? Mtani akasema ataniondolea aibu. Akaja na fimbo yake, tukawa tunatembea kuelekea Miyuji kama watu wanaokwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe hawakuwepo. Jua linatoka, vumbi, upepo ule wetu usiokuwa na adabu, yeye na koti lake mbele, anapunguza mwendo bila kusema kwamba anapunguza. Anamenya karanga, anatukana ukoo wangu kuanzia babu. Mimi nafuata.

Siku moja alisimama katikati ya njia.

"Mtani, niambie kweli. Unasikia nini humo ndani?"

"Sisikii kitu."

"Maumivu?"

"Hapana."

"Furaha, je?"

"Hapana. Hata hofu hakuna."

Akachora vumbi kwa ncha ya fimbo. Nilidhani atatoa moja ya zake. "Basi tuendelee kutembea," akasema, na siku ile hakunitania tena mpaka nyumbani.

Mvua zikaja. Mbu wakaja nazo. Mtani wangu akapata homa, akasema ni uchovu, kesho yake malaria ikampanda kichwani. Mtu ambaye moyo wake haujawahi kumsumbua, anayekwenda Mpwapwa kwa miguu akitaka. Walimpeleka hospitali hajitambui. Nilikuwa najiandaa kwenda kumwona mchana, na asubuhi hiyo mwanawe akaja dukani, akasimama pale pale baba yake alipokuwa anasimama.

"Shikamoo, baba. Mzee ametutoka."

Nikasema pole. Nikamaliza kupima mtama wa mteja aliyekuwa mbele yangu, nikafunga mfuko, nikarudisha chenji. Mke wangu alikuwa ametoka nyuma, akasikia, akaniangalia nikiufunga ule mfuko. Akageuka, akaingia ndani. Nilijua nimemuumiza, ila nilijua kwa akili tu.

Tulimzika Ipagala, alikokuwa na shamba lake la mtama na zizi. Ardhi ilikuwa imelainika kwa mvua, udongo mwekundu umerundikwa pembeni ya kaburi. Watani walikuwepo, vijana wa Kinyamwezi wa reli, wakafanya utani wao kidogo, wakaficha majembe, wakadai pesa, lakini kwa haya. Walikuwa wananitazama mimi. Kila mtu alijua mtani wa yule marehemu ni nani, na hakuna aliyethubutu kumwambia mgonjwa wa moyo ainuke. Wanaume wakanipa kiti kizuri. Mke wa marehemu, amejifunga kanga, macho yamevimba, alipita mbele yangu akanitazama mara moja tu.

Jeneza likatolewa ndani, likainuliwa mabegani. Nami nikainuka. Sikupanga. Nikatembea mpaka kwenye njia iliyokuwa inatoka nyumbani kwenda kaburini, nikakaa chini pale katikati, kwenye tope, na kanzu yangu nyeupe.

"Hapiti mtu," nikasema.

Wakasimama. Mchungaji, kijana, akaja akainama. "Shikamoo, mzee. Tunaomba njia."

"Marahaba. Njia ina hongo." Nikasikia mtu mmoja anacheka puani. "Huyu mnayembeba amenitoza hongo kila asubuhi tangu nina nywele kichwani. Eti babu yangu alikunywa maji. Leo msafara ni wake, anapita kwangu. Alipe!"

Sasa wakacheka wengi. Wakaniletea kuku. "Kuku? Mimi alinichinjia beberu, tena nikiwa hai!" Wakaangua kicheko, hata waliobeba jeneza likayumba. Wakaniletea sarafu, nikazitupa topeni. Nilikuwa naifanya kazi ile vizuri, na ndani hakuna kitu. Nilitamka maneno kama mtoto anayeghani shairi la darasani. Ni wajibu, nikajiambia, timiza uondoke.

Ndipo mkewe akaja. Mkononi alikuwa na lile koti la kahawia. Akachuchumaa mbele yangu, akatia mkono mfukoni, akaushika mkono wangu akaufungua, akanimiminia kiganjani karanga. Nyekundu, ndogo, za Kongwa, zimechanganyika na maganda na nyuzi za mfukoni. Za mwisho alizochota kwangu, na hakuwahi kuzimaliza.

"Ndiyo iliyobaki, shemeji," akasema. "Pokea."

Nikatia moja mdomoni. Ilikuwa imeingia unyevu, imekuwa laini, haitafuniki vizuri. Na sijui ilitoka wapi, ilianzia chini kabisa, ikapanda kama inavyopanda maziwa jikoni. Nikaligeukia lile jeneza.

"Mwizi mkubwa wewe!" nikapiga kelele. "Nani amekuruhusu? Mimi ndiye mgonjwa! Mimi ndiye niliyepasuliwa, mimi ndiye niliyefungwa waya kama gunia, wewe ulikuwa na nini? Mbu! Mbu, mtu mzima mzima! Karanga zangu umekula, kanzu yangu umevaa, mbuzi wangu umemla na ini lake, na sasa unalala humo unanyamaza! Nani atanipeleka Miyuji? Eh? Nijibu! Nitembee na nani?"

Walicheka mwanzoni. Kisha wakaacha. Sauti yangu ilikuwa imetoka yote, ile ya kona ya pili, na ilikuwa inakatika. Kifua kikaniuma. Kikaniuma pale upande wa kushoto, penye ganzi, nikapashika kwa mkono wenye karanga, na machozi yakanitoka mimi, mbele ya Wagogo wote wale, nimekaa kwenye tope. Nilikuwa nampenda mtu yule. Nilikuwa nampenda sana, na amekufa.

Hapo upande wa wanawake mtu akapiga ukelele. Alikuwa mke wangu. Alilia kuliko mjane, alilia mpaka wakamshika mikono, wakamkalisha, wakampepea kwa kanga, wakiambiana msiba umemzidi. Alikuwa analia na kuitikia kwa kichwa kila neno nililomtukania marehemu, ananitazama mimi.

Wakaja kuniinua, maana mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekataa. Mmoja akanivuta vibaya bega, nikamwambia mjinga, hunioni nina waya kifuani. Nikaondoka njiani, wakampitisha.

Mbuzi wangu sijarudishiwa mpaka leo.